Namna ya kutuma pendekezo la kuboresha programu ya kuhariri video, nalo likafanyiwa kazi

Kila anayeediti video ana manung'uniko yake. Programu inajizima wakati wa kurenda, yaani kutoa faili la mwisho la video, imebaki dakika moja tu. Kitufe ulichokizoea kimehamishwa bila taarifa. Manukuu yanatoka na herufi za ajabu. Mara nyingi mambo haya yanaishia kwenye kundi la WhatsApp la wapiga video wa harusi: mmoja analalamika, wengine wanacheka, kila mtu anarudi kwenye kazi yake. Mtengenezaji hajasikia kitu. Na akija kusikia, anakutana na mstari mmoja: "Ongezeni hiki, wenzenu wanacho." Mstari huo haumsaidii yeye wala wewe.

Mwongozo huu ni kwa anayetaka kusikilizwa. Mfano nitakaoutumia zaidi ni Kdenlive, programu ya bure inayofanya kazi kwenye Windows na Linux, na sababu yangu ni moja: mambo yake yako hadharani. Unaweza kusoma maombi ya wenzako, majibu waliyopewa, na toleo ambalo ombi liliingizwa. Kwa programu za kulipia na zile za simu njia inabadilika kidogo, nami nitafika huko.

Hatua ya 1: Hakikisha unachokiomba hakipo tayari

Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa. Anza kwa kuangalia toleo ulilonalo. Kwa Kdenlive namba yenyewe inakwambia umri wake: 23.04 ni ya Aprili 2023, 24.12 ni ya Desemba 2024. Matoleo makubwa hutoka mara tatu kwa mwaka, Aprili, Agosti na Desemba. Kama unatumia la miaka miwili iliyopita kwa sababu ndilo fundi alilokuwekea kutoka kwenye fleshi, unaomba kitu ambacho huenda wenzako wanakitumia tayari.

Huna haja ya kufuta la zamani ili kujaribu jipya. Kwenye Linux kuna faili la AppImage, programu nzima ndani ya faili moja, kwenye Windows kuna toleo lisilohitaji kusakinishwa. Unalipakua, unalifungua, unajaribu, ukimaliza unalifuta. Litakula bando, kwa hiyo lipakue penye Wi-Fi. Usilifungulie mradi wa mteja unaotakiwa kesho. Nakili mradi kwanza, kwa sababu mradi uliohifadhiwa na toleo jipya unaweza kukataa kufunguka kwenye la zamani.

Vipo vitu ambavyo watu huviomba kumbe vipo tayari. Kupanga sauti ya kinasa cha nje ilingane na sauti ya kamera: Kdenlive inafanya, unaichagua sauti moja kuwa rejea kisha zile nyingine zinajisogeza zenyewe. Kompyuta dhaifu inayokwama na video za 4K: washa proksi kwenye mipangilio ya mradi, utaediti kwa nakala ndogo na programu itarudi kwenye mafaili halisi wakati wa kurenda. Umeme umekatika kabla hujahifadhi: kuna uhifadhi wa kiotomatiki, na kwenye menyu ya faili kuna sehemu ya kufungua nakala za akiba za mradi. Hata manukuu ya Kiswahili: Whisper, mfumo wa kugeuza maneno kuwa maandishi ambao Kdenlive inaweza kuutumia, Kiswahili kimo kwenye orodha ya lugha zake. Kwa hiyo ukiandika "ongezeni Kiswahili" utajibiwa kipo. Ukiandika kwamba msemaji akichanganya Kiswahili na Kiingereza katika sentensi moja maandishi yanaharibika, hapo una jambo la kuzungumza.

Ukishahakikisha hakipo, tafuta kama kuna mwenzako aliyekwisha kukiomba. Ombi la kuweka taimulaini (ule mstari wa muda unaopangia klipu) ndani ya taimulaini nyingine, kwa mfano, watumiaji wa Kdenlive walikuwa nalo kwa miaka. Mwaka 2022 mradi ulichangisha fedha, lengo likiwa euro 15,000, na kazi hiyo ilikuwa miongoni mwa zilizotajwa. Toleo la 23.04 likaja nayo. Ukikuta ombi kama lako lipo, usifungue jipya. Ingia humohumo uongeze hali yako. Na usiandike "hata mimi nakihitaji" ukaishia hapo, maana barua pepe itakwenda kwa kila aliyejiunga na mjadala ikiwa haina habari yoyote mpya.

Hatua ya 2: Amua kama ni kasoro au ni pendekezo

Kasoro ni kitu kilichoahidiwa ambacho hakifanyi kazi. Pendekezo ni kitu ambacho hakijaahidiwa. Vinapokelewa kwa namna tofauti na haraka tofauti, kwa hiyo usivichanganye.

Kuna aina ya tatu inayowachanganya wengi: tatizo limeanzia nje ya programu kabisa. Mfano maarufu ni video ya simu ambayo sauti na midomo vinalingana mwanzoni, ila ukifika dakika ya ishirini mchungaji anafunga mdomo na sauti bado inakuja. Lawama inakwenda kwa programu. Kumbe simu nyingi hurekodi kwa idadi ya fremu, yaani picha kwa sekunde, inayobadilikabadilika: mwanga ukipungua au simu ikipata joto, fremu zinapungua. Fungua faili hilo kwa MediaInfo, ni ya bure, uangalie mstari unaoeleza aina ya kasi ya fremu. Ukikuta neno "Variable", ligeuze kwanza kwa HandBrake, programu ya bure ya kugeuza video, ukichagua kasi isiyobadilika, ndipo uediti. Kdenlive yenyewe siku hizi hukuonya unapoingiza faili la namna hiyo na kukupa nafasi ya kuligeuza. Kama programu yako haikuonyi, pendekezo zuri ni hilo: onyo. Kuomba "rekebisheni sauti" ni kuwatuma watu wakatafute ugonjwa usiokuwepo.

Hatua ya 3: Eleza kazi yako na mazingira yako kabla ya kutaja kitufe

Kama una nusu saa tu ya kuandika pendekezo, itumie yote hapa.

Mtengenezaji anazijua kodeki, njia za kubana video, kuliko wewe. Asichokijua ni kwamba mteja wako anapokea video kwa WhatsApp kwenye simu yenye nafasi ya GB 2 iliyobaki, kwa bando la siku. Hajui kwamba umeme unaweza kukatika mara mbili jioni moja na jenereta ya ukumbi ikachukua muda kuwaka. Hajui kwamba unaediti kwenye kompyuta ya mtumba iliyotumika ofisini Ulaya kabla ya kufika Kariakoo. Hayo kwako ni maisha ya kila siku na huoni haja ya kuyaeleza. Kwake ndiyo habari pekee mpya utakayompa.

Chukua mfano wa umeme wenyewe. Tanzania, Kenya na Uganda zinatumia umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde. Marekani ni 60. Taa za ukumbini zinazofuata mkondo huo huwaka na kufifia mara 100 kwa sekunde kwetu, mara 120 kwao. Ukirekodi kwa fremu 30 na kasi ya shata (muda ambao kila fremu inapokea mwanga) ya 1/60 ya sekunde, kama ilivyo desturi ya Marekani, mistari inapita juu ya picha au ukumbi mzima unapepesa. Rekodi kwa fremu 25 na shata ya 1/50, mambo yanatulia. Sasa mtu akipendekeza, "Wekeni fremu 25 kwenye chaguo za kurenda," atajibiwa kwamba tofauti ya 25 na 30 haionekani kwa macho. Akieleza habari ya taa, na kwamba klipu zake zote ni za 25 hivyo kuzitoa kwa 30 kunalazimisha fremu kurudiwa na mwendo wa kamera kusitasita, hakuna anayeweza kumbishia.

Kwa wanaodhani makelele yanatosha, kuna kisa cha Final Cut Pro X. Juni 2011 Apple ilitoa programu mpya kabisa badala ya ile ya zamani, na wahariri wakakuta haifungui miradi yao ya Final Cut Pro 7, haina uhariri wa kamera nyingi, na haina njia ya kupeleka kazi kwenye programu nyingine. Matusi yalikuwa mengi, waliohamia kwingine nao hawakuwa wachache. Lakini katikati ya ghasia hizo orodha ya vilivyokosekana ilikuwa wazi kabisa, na kila kimoja kilikuwa na kazi nyuma yake: nina kipindi chenye kamera nne, nina mtu wa sauti anayesubiri faili, nina mradi wa mwaka jana mteja anataka urekebishwe. Septemba mwaka huohuo njia ya kubadilishana miradi na programu nyingine kwa mafaili ya maandishi yaitwayo XML ikaja, na Januari 2012 uhariri wa kamera nyingi ukarudi. Kampuni inaweza kupuuza hasira. Ni vigumu zaidi kupuuza kazi iliyotajwa kwa jina ambayo bidhaa yake haiwezi kuifanya.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu: kazi unayoifanya, mahali inapokwama, unavyojitahidi kuvuka kwa sasa, na mwishoni kabisa ufumbuzi unaoufikiria. Ufumbuzi wako uutoe kama wazo. Huenda wao wana njia nyepesi ambayo hukuiwazia.

Hatua ya 4: Weka hesabu na mfano unaopimika

Tuseme programu yako haina mahali pa kutaja ukubwa wa faili unaoutaka wakati wa kurenda. Unachagua ubora, unasubiri, faili linatoka na MB 48, mteja alitaka lisizidi 15. Unashusha ubora, unarenda tena, linatoka MB 22. Unarudia. Pendekezo lako linaweza kusomeka hivi:

"Ninahariri video fupi za harusi na misiba. Wateja wangu huzisambaza kwa ndugu kupitia WhatsApp, na wengi wa ndugu hao hununua bando la siku. Video ya dakika 3 inatakiwa isizidi MB 15. Kwa sasa ninarenda mara kadhaa nikibahatisha ubora, na kila mara kompyuta yangu inachukua muda mrefu kuliko video yenyewe. Najua faili kubwa linaweza kutumwa kama hati, lakini anayelipokea analipia kila MB na simu yake inajaa. Ningependa dirisha la kurenda liwe na nafasi ya kuandika ukubwa wa mwisho, kisha programu ijipangie kasi ya biti, yaani kiasi cha data kwa kila sekunde. Kwa mfano: MB 15 ni kilobiti 120,000, zigawe kwa sekunde 180, unapata kama kilobiti 667 kwa sekunde, toa 96 za sauti, zinabaki takriban 570 za picha. Kama haiwezekani kujaza yenyewe, hata kuonyesha makadirio ya ukubwa kabla ya kurenda kungenisaidia."

Angalia sentensi ya tano. Jibu la kwanza litakalomjia msomaji ni "mwambie atume kama hati", kwa kuwa WhatsApp inaruhusu hati hadi GB 2 bila kuibana. Mwandishi amelijibu kabla halijaulizwa. Angalia pia sentensi ya mwisho: ameacha mlango wa kazi ndogo zaidi. Watu wenye muda mchache hupenda sana mlango huo, na Kdenlive inatengenezwa na watu wachache, Jean-Baptiste Mardelle akiwa mstari wa mbele kwa miaka mingi. Ombi linaloweza kufanywa kwa siku mbili linatangulia lile la miezi mitatu.

Pamoja na maelezo, taja toleo la programu, mfumo wa kompyuta, RAM, na aina ya kadi ya picha kama jambo linahusu kasi. Kama unaeleza kitu kinachotokea kwenye taimulaini, tengeneza mradi mdogo wa sekunde kumi unaokionyesha, au rekodi skrini. Na klipu hizo usizitoe kwenye harusi ya mtu. Bibi harusi alikulipa umpige picha. Hakukuruhusu uso wake ukae kwenye ukurasa wa hadharani wa watengenezaji programu milele. Rekodi ukuta, mti, daladala inayopita.

Hatua ya 5: Peleka kwenye mlango wenyewe

Kwa Kdenlive mlango ni bugs.kde.org. Unafungua akaunti, unachagua jina la programu, na pale panapouliza uzito wa tatizo unachagua "wishlist". Ukiliacha kama kasoro wataligeuza wenyewe, ila unaanza kwa kuwapa kazi. Tumia barua pepe ambayo hujali ikionekana na wengine, kwani mambo ya huko yako wazi.

Wakati mwingine jibu litakuwa kwamba jambo hilo haliko mikononi mwao. Kdenlive na Shotcut zinaonekana tofauti, lakini ndani zinaendeshwa na injini moja iitwayo MLT, na chini yake kuna FFmpeg inayosoma na kuandika mafaili. Dan Dennedy, anayeongoza Shotcut, ndiye pia kiongozi wa MLT. Kama faili la kamera yako halifunguki kwenye programu zote mbili, shaka ielekee chini huko kwenye injini. Faida yake ni kwamba likirekebishwa huko, zote mbili zinafaidika. OpenShot ilikuwa humo pia, kisha ikajitenga na kujenga injini yake. Kazi hiyo ilichangiwa na watumiaji kwenye Kickstarter, tovuti ya kuchangisha fedha, mwaka 2013, zaidi ya dola 45,000.

Programu za kulipia zina milango yake. Final Cut Pro ina sehemu ya kutuma maoni ndani ya menyu yake, na hutarajii jibu, inasomwa, basi. DaVinci Resolve, ambayo ina toleo la bure lenye nguvu, kampuni yake Blackmagic Design ina sehemu maalumu ya maombi ya vipengele, na huko unaona wengine wameandika nini. Hapa elewa kitu kimoja: baadhi ya vizuizi vya toleo la bure vimewekwa kwa makusudi, ama kwa sababu ya leseni za kodeki ama ili ununue. Resolve ya bure kwenye Linux haisomi H.264, ambayo ndiyo video ya karibu kila simu. Kuandika pendekezo kuhusu hilo ni kupoteza wino.

Programu za simu ndizo ngumu zaidi. Karibu zote zina sehemu ya maoni kwenye mipangilio. Anzia hapo, kwa sababu mara nyingi hutuma yenyewe aina ya simu na toleo. Kisha andika maoni Play Store. Usiweke nyota moja ili uonekane. Weka nyota unazoamini programu inastahili, eleza jambo moja, na kama likirekebishwa rudi uhariri maoni yako. Tangu Novemba 2021 Google huonyesha kwenye simu wastani wa nyota kwa kufuata nchi ya mtumiaji, kwa hiyo sauti ya Mtanzania inaonekana zaidi kwa Watanzania wenzake, na kampuni inayotaka soko la hapa inaiona.

Hatua ya 6: Lugha

Wengi watakaosoma hawajui Kiswahili. Andika kwanza kwa Kiswahili, ukamilishe wazo lako lote, ndipo ugeuze kwa Kiingereza cha sentensi fupi. Ukitumia mashine ya kutafsiri, hakikisha majina ya vitufe na menyu yamebaki kama yanavyoonekana kwenye skrini yako. Mashine hupenda kuyabadilisha, na msomaji atatafuta kitufe ambacho hakipo. Ongeza mstari mmoja kwamba Kiingereza si lugha yako. Huko hakuna anayekucheka, na watakuuliza maswali mepesi zaidi.

Kichwa cha ombi kitaje kitu chenyewe. "Kutaja ukubwa wa faili kabla ya kurenda" ni kichwa. "Tafadhali sana wakuu naomba msaada" si kichwa. Na ombi moja liwe na jambo moja. Ukiwa na matano, fungua matano, kwa sababu orodha ya mambo matano haiwezi kufungwa mpaka yote yaishe, kwa hiyo haifungwi.

Hatua ya 7: Fuatilia

Soma barua pepe. Kwenye mfumo wa KDE, jumuiya ambayo Kdenlive imo ndani yake, ukiulizwa swali ombi lako linawekwa alama ya "NEEDSINFO". Zikipita siku 15 bila jibu roboti inakukumbusha, na zikifika 30 inalifunga. Maombi mazuri yanafungwa namna hii kwa sababu mwenyewe alitumia barua pepe ambayo haifungui.

Usikumbushie kila wiki. Kumbushia ukiwa na kitu kipya: toleo jipya umelijaribu na hali ni ileile, au umepata mfano bora. Ukiambiwa hapana, uliza mara moja kama wapo tayari kupokea kazi hiyo ikifanywa na mtu mwingine. Programu huria, ambayo kodi yake iko wazi kwa yeyote kuibadilisha, inaruhusu, na pengine kuna kijana wa chuo anayetafuta mradi wa mwaka wa mwisho.

Ukiambiwa limeingizwa, pakua toleo la majaribio kabla halijatoka rasmi, ulijaribu kwa kazi ya kweli, kwa nakala, kisha uandike kilichotokea. Kwa mfano wetu, renda video tatu za urefu tofauti kwa lengo la MB 15 na uandike kila moja imetoka na ngapi. Ikitoka 15.8, sema 15.8, na utaje urefu na ukubwa wa picha. Bado wana wiki chache za kurekebisha kabla toleo la Aprili au Agosti halijafungwa.